Ni Nani Aliyetaka Moyo wa Kima?

Katika daftari la mwalimu kila hadithi ina mkia. Mkia huo ni sentensi moja inayoanza kwa maneno "Hadithi hii inatufundisha kwamba," na mwanafunzi aliyeushika hupewa alama zake nne, hata kama mnyama mwenyewe hakumwona. Nami nilifundishwa hivyo nilipokuwa mwanafunzi, nikafundishwa kufundisha hivyo katika chuo cha ualimu, na kwa miaka michache ya kwanza ya kazi yangu hapa Sotik nilifanya hivyo bila ya kuona aibu. Insha hii ni habari ya mkia mmoja ulionikatikia mkononi.

Nilikuwa nimewasomea wanafunzi wa kidato cha pili hadithi ya kima na papa, ambayo wengi wenu mmeisikia tangu utoto. Katika mtihani nikauliza hadithi hiyo inatufundisha nini. Jibu lililokuwa katika daftari langu lilisema: Usifanye urafiki na asiye wa jinsi yako. Wanafunzi 38 waliandika hivyo, au karibu na hivyo. Msichana mmoja aliandika kwamba sultani akiugua, dawa hutafutwa katika kifua cha mnyonge. Nikamwandikia sifuri kwa wino mwekundu.

Hakuja kubishana nami. Alipopokea karatasi yake aliitazama, akasimama karibu na meza yangu kwa adabu, akauliza, "Samahani Mwalimu, kwani ni nani aliyetaka moyo wa kima?" Nilimjibu haraka kuwa ni papa. Nilipofika nyumbani jioni nikafungua kitabu ili nijihakikishie, nikaona kuwa nimemdanganya.

Yafaa nikuambie, ewe msomaji, mahali nilipokuwa nikifundisha. Shule haikuwa mbali na mpaka wa Sotik na Borabu. Upande huu wanakaa Wakipsigis wengi, upande ule Wakisii; lakini mvua ni moja, chai ni moja, na ng'ombe wa pande zote mbili hulia lugha moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na hasa mwanzoni mwa 2008, mpaka huo uliwaka moto. Nyumba zilichomwa, na watu wa pande zote mbili walikimbia makwao. Darasani mwangu walikaa watoto wa pande hizo mbili juu ya dawati moja. Mbele ya watoto hao ndipo nilipokuwa nimesimama nikigawa alama nne kwa kila aliyeandika kwamba asiye wa jinsi yako hafai kuwa rafiki yako.

Basi na tuitazame hadithi yenyewe. Maneno yake yaliandikwa Unguja na Edward Steere, mmisionari aliyefika huko mwaka 1864 na ambaye baadaye alikuwa askofu. Akayachapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Humo inaitwa kisa cha punda wa dobi. Palikuwa na mkuyu uliotanda matawi yake upande mmoja juu ya nchi kavu na upande wa pili juu ya maji. Kima alipanda kila siku akila kuyu, na papa akakaa chini akimwomba amtupie. Kima akamtupia. Siku zikapita, miezi ikapita, wakawa marafiki. Hatimaye papa akasema kuwa anataka kumlipa rafiki yake wema, akamkaribisha kwao na kumchukua mgongoni. Walipofika katikati ya bahari papa akamwambia kweli: sultani wa kwao ni mgonjwa sana, na waganga wamesema hana dawa ila moyo wa kima. Kima akafikiri upesi. Akajibu kuwa ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, maana kima wanapotoka safarini huiacha mioyo yao mitini. Papa akageuka, akamrudisha pwani ili auchukue. Kima alipofika juu akanyamaza. Alipoitwa akauliza kama anafanywa punda wa dobi, akamsimulia papa kisa cha punda huyo asiye na moyo wala masikio.

Kisa hicho cha ndani nacho ni kizuri. Punda alimtoroka dobi akanenepa mwituni. Sungura akamshawishi aende kwa simba, aliyekuwa dhaifu baada ya ugonjwa. Simba akamrukia akamkosa, punda akakimbia. Sungura akamfuata tena akamlaghai mara ya pili, naye punda akarudi, akauawa. Simba akaagiza aandaliwe moyo na masikio tu. Sungura akavila, na alipoulizwa akajibu kuwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angalikuwa navyo asingalirudi mahali alipokwisha kuponea chupuchupu.

Mnaona kuwa jina la kisa limebeba alama ya mahali kilikotoka. Dobi ni neno la Kihindi. Kabla ya kufika Unguja, kima huyu alikwisha kusafiri kupita mabaharia wengi. Anapatikana India katika kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra, yaani vitabu vitano, ambacho hunasibishwa na mwalimu Vishnusharma. Husimuliwa kuwa mfalme mmoja alikuwa na wana watatu wazito wa kufahamu, naye Vishnusharma akaahidi kuwaelimisha kwa miezi sita kwa njia ya hadithi za wanyama. (Nimesimama mbele ya wanafunzi wa kila namna, na ahadi hiyo ya miezi sita mimi nisingethubutu kuitoa.) Katika karne ya 6, wakati wa Khosrow Anushirvan, tabibu Borzuya aliifasiri kwa lugha ya Waajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaifasiri kwa Kiarabu, ikawa Kalila na Dimna. Pwani yetu imekuwa ikipokea majahazi kutoka Uarabuni na India kwa mamia ya miaka, na hadithi hailipiwi nauli.

Mti nao ni shahidi. Katika kitabu cha India kima anakaa juu ya mti wa jambu, ambao ni jamaa ya zambarau, na aliye majini ni mamba. Katika Kiarabu mti ni mtini, na aliye majini ni kobe. Katika Unguja mti ni mkuyu, na aliye majini ni papa. Sasa mkuyu na mtini ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtu aupasuaye tunda la mkuyu ataona ndani yake mbegu zile zile ndogo za tini. Kwa hiyo naona kuwa kima wetu alipitia Uarabuni kabla ya kushuka pwani, akabadilishiwa mti kwa ule wa jamaa yake uliokuwa karibu. Vivyo hivyo mbweha, aliyemlaghai punda katika vitabu vya India na Uarabuni, amempisha sungura. Hilo halishangazi. Katika nchi zetu nyingi kazi ya ulaghai ni ya sungura. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu za Wakipsigis, kilichochapishwa mwaka 1909, aliweka hadithi ya sungura aliyebebwa mgongoni na ndovu, akaila asali yao yote na kujaza mawe mahali pake. Mbweha angefika hapa Sotik angekuta nafasi yake imekwisha kuajiriwa mtu.

Mabadiliko hayo ya mti na mnyama ni ya mavazi tu. Liko badiliko moja lililogusa mifupa, na hilo ndilo aliloliona msichana yule na mimi nisilione.

Katika Panchatantra anayetaka moyo wa kima ni mke wa mamba. Mumewe humletea matunda matamu ya rafiki yake, naye huwaza kuwa mnyama alaye utamu huo kila siku hapana shaka moyo wake ni mtamu zaidi. Tena anamwonea wivu rafiki anayemchelewesha mumewe. Anasusa chakula na kusema atakufa asipoupata. Katika Kalila na Dimna mke wa kobe hujifanya mgonjwa kwa shauri la jirani yake, mwanamke mwenziwe. Katika vitabu vyote viwili mume anavutwa huku na mkewe na huku na rafikiye, na msomaji anaondoka akiwaza juu ya hila za wanawake. Wala si jambo la kubahatisha: kitabu kile cha nne cha Panchatantra kina visa vingine vinavyowasema wanawake vibaya, kimoja baada ya kingine, kama ushahidi uliokusanywa kwa ajili ya kesi.

Katika kisa cha Unguja mke hayumo. Ameondolewa asionekane hata kivuli chake, na pahali pake amelazwa sultani.

Mtu anaweza kusema kuwa sultani ni kawaida ya hadithi za pwani, kwamba msimulizi alimweka kama mpishi atiavyo chumvi, bila ya kufikiri. Huenda ikawa hivyo. Lakini chumvi iliyotiwa bila kufikiri nayo hubadili mchuzi. Mara tu mgonjwa anapokuwa sultani, papa si mume dhaifu tena. Ni raia aliyetumwa. Hana ugomvi na kima wala hana njaa naye. Amekula kuyu zake miezi mingi na meno yake yako pale pale, wala hakumwuma. Urafiki wa mnyama wa maji na mnyama wa mti ulisimama imara mpaka siku ilipotoka amri jumbani. Aliyesema kuwa hadithi hii inakataza urafiki na asiye wa jinsi yako ameichukua hukumu ya kitabu kingine akaibandika juu ya hiki. Katika Panchatantra maneno ya kuwa mla nyama na mla majani hawapatani yamo, tena wazi. Nilichokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu ni hukumu iliyokwisha kufutwa na msimulizi wa Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Hata hivyo nisiwadanganye kuwa kisa chetu kimepata faida bila ya hasara. Kobe wa Kalila na Dimna, akiwa katikati ya maji na rafiki yake mgongoni, husimama. Hujiinamia. Husonga mbele kidogo akasimama tena, maana khiana inamsonga rohoni, hata kima anaanza kushuku na kumwuliza ana nini. Hapo ndipo pazuri kuliko pote katika hadithi ile. Tunamwona mtenda mabaya akijua kuwa atendalo ni baya. Papa wetu hasimami. Anasema ujumbe wake kama karani asomaye waraka: sultani mgonjwa, dawa ni moyo wako, tuendelee. Nilipokuwa nikisoma mara ya kwanza niliona ni upungufu wa ufundi. Siku hizi sina hakika. Mtu aliyezoea kutumwa husema hivyo hivyo, wala hainamishi kichwa. Lakini ningependa papa angesita walau mara moja, kwa ajili ya kuyu zile.

Kuhama kwa lawama kutoka kwa mtu hata mtu si jambo la kisa hiki peke yake. Mnamjua nguchiro, hupita mbio katika vichaka vya mashamba yetu. Katika Panchatantra nguchiro aliyefugwa anamwua nyoka aliyekaribia kitanda cha mtoto mchanga, kisha anatoka mlangoni kwa furaha, kinywa kimejaa damu. Mama wa mtoto anadhani amemla mwanawe, anampiga kwa mtungi wa maji na kumwua. Katika Kalila na Dimna mnyama ni wa jamaa ya kicheche, na anayemwua ni baba, mcha Mungu. Huko Wales, mbali kabisa, katika kijiji cha Beddgelert, mnyama ni mbwa, nyoka amekuwa mbwa mwitu, na mwuaji ni mwana wa mfalme, Llywelyn. Haraka ni ile ile na majuto ni yale yale. Lakini mtoto wa kike asikiaye kwamba mama ndiye aliyeua kwa haraka, na mtoto wa kiume asikiaye kwamba ni mtawala, hawaondoki wamebeba mzigo mmoja.

Mfano mkubwa kuliko yote umo katika hadithi tukufu za Wahindu wenyewe. Mwezi wa Oktoba au Novemba Wahindu wa Kenya huwasha taa za Diwali, na wengi wao hukumbuka kwa taa hizo kurudi kwa Rama katika mji wake wa Ayodhya. Msiseme kuwa hizo ni habari za wageni. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901, wenye maduka wakafuata, na mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya India na nchi za jirani zake kuwa kabila la 44. Rama na Sita, basi, ni jirani zetu.

Rama alihamishiwa mwituni kwa miaka 14 pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Siku moja paa wa dhahabu akapita. Sita akamtamani, Rama akamfuata. Sauti ikasikika mbali, kama ya Rama akiomba msaada. Sita akamhimiza Lakshmana kwa maneno makali aende, akabaki peke yake. Ndipo Ravana, mfalme wa Lanka, akaja katika sura ya mtawa mwombaji, akamnyakua akaenda naye.

Watu wengi waijuao hadithi hii watakuambia kwamba Lakshmana, kabla ya kuondoka, alichora mstari chini mbele ya kibanda, akamwonya Sita asiuvuke. Naye akauvuka ili ampe mtawa chakula. Katika Ramayana ya Valmiki, iliyo kongwe na kuheshimiwa kuliko zote, mstari huo haumo. Uliongezwa na wasimulizi wa baadaye, ukapendwa, hata leo umekuwa msemo huko India kwa mpaka usiopaswa kuvukwa. Tazameni kazi ya mstari huo. Kabla haujachorwa, mbele yetu yuko mwizi, naye ni Ravana. Ukiisha kuchorwa, tunaacha kumwuliza Ravana kwa nini alikuja, tunaanza kumwuliza Sita kwa nini alitoka. Mwizi ameshuka kizimbani na aliyeibwa amepandishwa. Na yote yamefanywa kwa kijiti na mchanga, na msimulizi ambaye pengine alitaka tu kuongeza utamu.

Unguja lawama ilitoka kwa mke ikapanda kwa sultani. Katika kisa cha Sita ilitoka kwa mfalme ikashuka kwa mke. Wasimulizi wote wawili wangeapa kuwa wanasimulia hadithi ile ile.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kuwa ninawachanganya watoto. Alisema mtoto huhitaji funzo moja, fupi, la kushika, kama mpini wa jembe. Ukimpa mipini mitatu hatalima. Sikuweza kumdharau, maana amelima shamba hili miaka mingi kuliko mimi. Nami nakiri kuwa Vishnusharma mwenyewe alipenda mafunzo mafupi; kitabu chake kimejaa beti za hekima kila baada ya hatua chache. Lakini beti hizo hupingana. Mnyama mmoja husema rafiki ni hazina, mwingine akajibu kuwa rafiki ni hatari, na kila mmoja ana ubeti wake wa kumtetea. Wana wa mfalme hawakupewa mpini mmoja. Walisikilizishwa mabishano, wakaachiwa kupima.

Nilimrudishia msichana yule alama zake nne, nikafuta sifuri, na wino mwekundu ukaacha doa kwenye karatasi. Kisha nikawapa darasa zima kazi nyingine: kila mmoja aisimulie hadithi ya kima kama kwamba ilitokea kwao nyumbani. Sikuwa nimewaambia bado habari za India wala za Uarabuni.

Wengi waliiandika kama walivyoisikia, wakabadili majina tu. Yeye aliuweka mkuyu ukingoni mwa mto Kipsonoi. Kwa kuwa hajapata kuona bahari, papa alikuwa mamba, akamrudisha kwao bila kujua. Dobi hakuwapo, punda alikuwa wa kubeba mitungi ya maziwa alfajiri. Mgonjwa alikuwa msimamizi wa shamba kubwa la chai, na mamba alikuwa na deni kwake. Mamba huyu alisita katikati ya mto, mara mbili. Kima akaokoka kwa hila ile ile, akapanda mtini, akasimulia kisa cha punda. Lakini hadithi haikuishia hapo, kama inavyoishia katika vitabu vyote nilivyovisoma. Mamba aligeuka akaogelea polepole kurudi kwa msimamizi, mikono mitupu. Akabisha hodi. Akaingizwa ndani. Msimamizi akainuka kidogo kitandani akamwuliza uko wapi ule moyo, na mamba akafumbua kinywa ili ajibu.

Kengele ililia alipofika hapo, na karatasi zikakusanywa.